Je, wajua mvuvi wa Lamu alidai vipi fidia ya bahari ambayo si yake?

Samaki akiwa majini hana mwenyewe, ni wa atakayemvua, hilo hata mtoto wa Shela analijua. Na bahari yenyewe, kwa katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 62, imehesabiwa kuwa ardhi ya umma, yaani ni yetu sote na serikali ya kitaifa inaishika tu kwa niaba yetu. Sasa mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 na kitu kwa sababu ya bandari mpya, watu wengi wakabaki mdomo wazi. Walipwe cha nini? Mkulima wa Kililana, kule Lamu bandari ilikojengwa, aliyechukuliwa shamba tunamuelewa, ana miembe yake ya kuhesabiwa, ana ekari za kupimwa. Mvuvi ana nini cha kupimwa, maji?

Swali si la kijinga hata kidogo, na jibu lake ni tamu kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na kisa chenyewe kwa wasiokijua. Mwezi wa tatu 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET, bandari Lamu halafu reli, barabara na bomba la mafuta kwenda hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Mpango wa bandari peke yake ni gati 32, ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa tano 2021. Mwaka huohuo wa 2012 wakazi wa Lamu wakaenda kortini, kesi namba 22, wakisema hawakuulizwa, hawakupewa habari za kueleweka, na mazingira yao yataharibika. Kesi ikachukua miaka sita.

Meli kubwa haiwezi kuingia kwenye maji ya kina kifupi, kwa hivyo lazima bahari ichimbwe. Chini kuna mchanga na tope lililotulia miaka na miaka, ukilitibua maji yanakuwa kama chai ya maziwa, nyasi za baharini zinafunikwa, matumbawe yanakosa mwanga, na tasi na changu wanaokula na kuzaa humo wanahama au wanapotea. Ongeza mikoko iliyokatwa, na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, humo ndimo kaa na kamba wanamokulia.

Hapo ndipo mtu wa bara anakuambia basi si wahame tu, bahari ni kubwa. Huyo hajaona kusi likipiga. Kuanzia mwezi wa nne wa tano hivi mpaka wa tisa bahari ya nje inachafuka, na mtu mwenye dau la tanga au mtumbwi wa kasia hawezi kuvuka mwamba akatoka nje, atakwenda kuzama. Miezi hiyo riziki iko ndani, ghuba ya Manda, mkondo wa Mkanda, vijito vya mikokoni. Na ndani huko huko ndiko bandari imekaa. Kwa hivyo kumwambia avue nje ni sawa na kumwambia anunue boti, injini, petroli na barafu, ambavyo angekuwa navyo wala tusingekuwa na haya mazungumzo.

Sasa sheria. Ukienda kortini na hoja ya "samaki ni wangu" umeshindwa asubuhi mapema, na wenye kesi hawakwenda nayo. Hoja ilikuwa nyingine, kwamba njia ya kuishi imeondolewa, na njia ya kuishi ina ulinzi wake bila ya hati. Kifungu cha 42 cha katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, halafu kifungu cha 70 (hiki wengi hawakijui na mimi ndicho ninachokipenda zaidi) kinasema mtu akienda kudai haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu amepata hasara au ameumia. Huhitaji hati, huhitaji risiti. Kifungu cha 44 kinalinda utamaduni, na uvuvi wa Lamu wa nyavu, mishipi na madema (mitego ya kusukwa), elimu ya bamvua na maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana na yanapojaa na kupwa kidogo, ambayo mtu anarithi kwa babake, korti iliukubali kuwa ni utamaduni hasa. Cha 35 ni haki ya kupata habari, majaji wakasema serikali inatakiwa iseme yenyewe kuhusu mradi mkubwa hivi, isingoje mwananchi aje kuomba. Na tathmini ya mazingira ya mpango mzima, ile inayotakiwa ifanywe kabla, haikuwa imefanywa inavyopasa.

Na si Lamu tu. Kabla ya hapo Waendorois wa Ziwa Bogoria, waliotolewa kwao miaka ya 70 kupisha hifadhi ya wanyama, walikwenda mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi uliotangazwa 2010 ukasema kuishi na kutumia mahali kwa mila kunaweza kuhesabika kuwa mali hata kama hakuna karatasi. Waogiek wa msitu wa Mau nao wakashinda katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017. Kwa hivyo mvuvi wa Lamu alikuta njia imeshapasuliwa kidogo.

Wanaopinga wana hoja zao na mimi siwadharau. Wanasema kitu cha wote kikianza kulipiwa fidia kwa anayekitumia, serikali haitajenga chochote, kesho mchuuzi wa kando ya barabara atadai barabara. Wengine wanakumbusha hadithi ya Mtume kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, sasa vipi wachache walipwe kwa maji ya wote? Mimi hapo nauliza kinyume, kama ni ya wote, mbona hasara imewaangukia hao wachache? Faida ya bandari ni ya nchi nzima mpaka Ethiopia, lakini aliyerudi na dema tupu ni mtu wa hapa.

Mamlaka ya bandari haikuridhika, ikakata rufaa, baadaye pande zikakaa meza moja, mpango ukawa sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kesi yenyewe, nayo ni orodha. Mvuvi ni nani? Mwenye chombo yuko wazi, jina lake liko kwenye leseni. Baharia anayepanda chombo cha mtu na kugawiwa fungu lake jioni, leo kwa huyu kesho kwa yule, anathibitishaje? Nahodha mzee aliyeacha bahari mwaka ambao mashine zilianza kuchimba je? Na mama wa kukaanga samaki, ambaye hajawahi kushika wavu, lakini wavu ukirudi mtupu karai lake halipandi jikoni siku hiyo? Haki ya utamaduni haimtaji, orodha ya wavuvi haimjui, ila kifungu cha 70 tulichokisoma hapo juu hakikuuliza nani ni mvuvi, kilisema mtu yeyote, na hiyo kesi ya mama karai mimi ningependa sana kuiona ikifunguliwa.