Je, wajua? Kwa nini mtu mrefu hawezi kuchukua foko yoyote tu ya baiskeli ya mbio

Mtu wa mita 1.95 akipata fremu ya baiskeli ya mbio saizi 62 au 63, cha kwanza anaangalia kama miguu inafiti, cha pili rangi, foko, yaani ile uma inayoshika gurudumu la mbele, anaikumbuka mwisho kabisa, kwake foko ni foko tu mradi tairi la 700 linaingia na breki inashika. Kumbe hapo ndipo warefu wanapopigwa. Na usidhani shida ni uzito wao, shida inaanzia kiwandani.

Foko za kisasa za kaboni zinatoka kwenye moldi, na moldi ni ghali, kwa hiyo kampuni nyingi zinatoa foko ya aina moja au mbili hivi ambayo inatakiwa ikae kwenye kila saizi, kuanzia fremu ndogo ya 48 mpaka ile ya jitu ya 63. Ukiangalia vipimo vyake unaona kabisa aliyelengwa ni mtu wa katikati, wale wa 54 na 56. Wafupi nao wana mateso yao, vidole vya mguu vinagusa tairi wakikata kona, ila leo sio siku yao.

Tuanze na shingo ya foko maana hii ndiyo inaua dili mapema. Shingo ni lile bomba linalopanda ndani ya bomba fupi la mbele la fremu na kutokezea juu, halafu stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, inabana pale juu. Foko nyingi za dukani zinakuja na shingo ya milimita 300. Sasa piga hesabu: bomba la mbele kwenye fremu ya mtu mrefu linaweza kufika 230, beringi kama ni za kukaa nje ya bomba zinakula kama 25, stemu inataka 40, hapo ushafika 295 na hujaweka hata spesa moja, yaani kipete cha kunyanyulia stemu. Na mrefu lazima aweke spesa, kwa sababu siti yake iko juu sana, asiponyanyua usukani ataendesha kiuno kimekunjika safari nzima. Weka spesa za milimita 20 tu unafika 315. Foko imeishia njiani.

Na kaboni haiungwi, hakuna cha kuchomelea wala kuongezea kipande, kuna watu wanachomeka viunganishi vya kunyanyulia usukani juu ya shingo ya kaboni, mimi hapo sipo kabisa, meno bado nayahitaji. Kinachosaidia ni kutafuta foko ya shingo ndefu, zipo za milimita 350 japo chache, au shingo ya alumini au chuma, au fremu ambayo beringi zake zimezama ndani ya bomba, hiyo peke yake inakuokolea kama milimita 15. Stemu iliyoinamia juu nayo inasaidia. Kurundika spesa hakufai, kampuni nyingi za foko za kaboni zimeweka kikomo, mara nyingi 30 au 40, ukizidisha hapo shingo inapata kazi ya kupinda ambayo haikuundiwa. Na kama foko ishatumika ndio kabisa, usiulize bei kabla hujauliza urefu wa shingo, maana mwenye nayo wa kwanza alishaikata kwa kipimo chake na huenda alikuwa mtu wa 1.70.

Haya, tuseme shingo imefika. Sasa inakuja sehemu tamu, usukani utakavyokaa mkononi.

Vuta picha kuna mstari unapita katikati ya shingo ya foko, unashuka moja kwa moja mpaka barabarani. Mstari huo unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali kati ya hizo sehemu mbili unaitwa treili, na ndiyo inayofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, sawa na vile vigurudumu vya mbele vya toroli la supamaketi vinavyogeuka kufuata unakosukuma. Treili ikiwa kubwa baiskeli inatulia na kushika njia, ikiwa ndogo inakuwa nyepesi kugeuka mpaka wengine wanaiona ina wasiwasi. Baiskeli nyingi za mbio zinacheza kwenye milimita 55 mpaka 60.

Treili inapatikana kwa vitu viwili vikubwa, jinsi bomba la mbele lilivyolala, na ofseti, yaani ekseli ya gurudumu imesogea mbele kiasi gani kutoka kwenye ule mstari. Hapa watu wengi wanageuza mambo, wanaona foko iliyopinda sana mbele wanasema hii itatulia. Hapana. Ofseti ikiongezeka treili inapungua. Zile Phoenix za kichina za kubebea mkaa foko imepinda mbele kweli na bado zinatulia, ila ni kwa sababu bomba la mbele limelala sana, hiyo ofseti iliwekwa ili usukani usiwe mzito kupita kiasi.

Sasa rudi kwa mrefu wetu. Fremu ndogo zinalazwa bomba la mbele ili tairi likae mbali na miguu, zinafika digrii 71, fremu kubwa hazina shida hiyo kwa hiyo linasimama, 73.5 au 74. Chukua foko ileile ya ofseti milimita 43 na tairi la upana wa milimita 25. Kwenye digrii 71 treili inakuja kama 70, kwenye 73 inakuja 57, kwenye 74 inashuka mpaka 51. Ukiweka foko ya 45 kwenye hiyo ya 74 unabaki na 49 hivi. Baiskeli zenye jina moja na rangi moja, moja inaenda kama meli na nyingine inarukaruka kama mbuzi, na mrefu ndiye amepewa mbuzi. Kwa hiyo kama fremu yako imesimama 74, tafuta foko ya ofseti 40, inakurudisha kwenye 54 na zaidi kidogo. Kama ni 73, ya 43 au 45 inatosha, usihangaike.

Niongeze tu kwamba treili sio kila kitu, mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft cha Uholanzi na Cornell cha Marekani walionyesha kibaiskeli chenye treili hasi kidogo, yaani ule mstari unagusa chini nyuma ya tairi linapokanyaga, na bado kilijisimamia chenyewe kikisukumwa bila mtu. Fremu ndefu nayo magurudumu yako mbali zaidi, inatuliza mambo kiasi.

Ila kuna ugonjwa ambao foko peke yake haiutibu: unashuka mteremko, spidi inapita 50, mara usukani unaanza kucheza kulia kushoto wenyewe na fremu nzima inatikisika. Warefu wanaupata zaidi kwa sababu mabomba marefu yanajikunja kirahisi na siti iko juu mno. Jobst Brandt, mhandisi wa California aliyekuwa mrefu mwenyewe, alilieleza hili kwa miaka mingi na dawa yake ni rahisi, bana goti kwenye bomba la juu la fremu. Kwa hiyo usinunue foko mpya kwa ajili ya hilo kabla hujakagua beringi za shingo na magurudumu.

Wengine wanaona wakwepe yote kwa kuweka foko ndefu ya baiskeli za changarawe, maana inanyanyua mbele. Inanyanyua kweli, ila kila milimita 10 za urefu zinalaza fremu kama nusu digrii, siti nayo inarudi nyuma, na mrefu tayari amekaa nyuma mno juu ya gurudumu la nyuma. Ukiongeza 10 sawa, ukiongeza 25 hiyo ni baiskeli nyingine.

Kwa fremu za chuma za zamani, zile za mitumba kutoka Ulaya na Japani, mrefu ana unafuu wake. Shingo ni ya inchi moja yenye nyuzi, stemu inazama ndani, unanyanyua usukani bila kutegemea urefu wa shingo, mradi usivuke alama iliyochorwa kwenye stemu. Lakini shingo yenyewe lazima ilingane na bomba la mbele pamoja na beringi, ikizidi na nyuzi zinashuka vya kutosha inakatwa, ikipungua hata milimita 5 nati ya juu haipati pa kushika. Na pale chini beringi inapokalia kuna foko za milimita 26.4 na za kijapani za 27.0, kwa macho huwezi kuzitofautisha, mwambie fundi atoe vernia, kile kipimo cha milimita, kabla hujatoa hela.