Je, wajua kwa nini Eddie Van Halen alilipaka gitaa lake rangi nyekundu?

Katikati ya wimbo wa Beat It wa Michael Jackson kuna gitaa linalolia kama limepandwa na mashetani. Mpigaji wake ni Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen. Aliingia studio mwaka 1982, akapiga kipande chake bila kudai hata senti, akaenda zake. Enzi hizo, kijana wa Marekani aliyependa muziki akiona picha ya gitaa jekundu lenye michirizi myeupe na myeusi, alimjua mwenye nalo hata bila kuona uso wake.

Lakini gitaa hilo halikuanza likiwa jekundu. Kwenye jalada la albamu ya kwanza ya bendi yake, mwaka 1978, lilikuwa jeupe lenye michirizi myeusi. Mwaka 1979 akalipaka upya. Mtu anawezaje kubadilisha sura ya kitu ambacho ndiyo kwanza kimemtambulisha kwa dunia?

Jibu lake limo katika namna lilivyotengenezwa. Eddie alikulia Pasadena, California, na alitaka vitu viwili ambavyo hakuna gitaa moja la dukani lililompa: sauti nene ya magitaa ya kampuni ya Gibson, na umbo la yale ya kampuni ya Fender pamoja na ule mkono wa chuma wa kuyumbisha nyuzi. Akanunua bodi ya gitaa yenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Akachimba tundu kwenye bodi, akaingiza pikapu ya Gibson, yaani ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Watu wakalibatiza Frankenstrat, yaani Frankenstein, lile zimwi la hadithi lililoungwa viungo vya maiti, likichanganywa na Stratocaster, gitaa la Fender, kwa kuwa nalo liliungwa viungo vya huku na huku.

Rangi nayo aliipaka mwenyewe. Umewahi kusimama gereji ukamtazama fundi anayepuliza rangi gari? Huziba vioo kwa magazeti na selotepu, akapuliza, kisha akabandua. Palipozibwa panabaki kama palivyokuwa. Eddie alifanya hivyo hivyo. Kwanza alilipaka gitaa lote rangi nyeusi, likakauka. Akabandika vipande vya mkanda wa gundi ovyo ovyo, vingine vyembamba, vingine vipana, vikikatizana. Akapuliza nyeupe juu yake. Alipobandua mkanda, nyeusi ya chini ikachomoza. Michirizi ile, basi, haikuchorwa. Ilifichwa, kisha ikafichuliwa. Mshona nguo aliyezoea batiki anaijua kanuni hii vizuri, maana nta kwenye kitambaa hufanya kazi ileile ya mkanda. (Mama yake Eddie alitoka Java, kisiwa ambacho batiki yake inajulikana dunia nzima. Sisemi kwamba alijifunzia huko, ila kila nikiitazama michirizi ile nakumbuka hilo.)

Albamu ikauzika, na umaarufu ukaja na wanakili wake. Haukupita muda, magitaa ya michirizi myeusi kwa myeupe yakaanza kuonekana mikononi mwa watu wengine na kuuzwa madukani. Kijana aliyejitengenezea gitaa kwa sababu hakulipata dukani, sasa anakuta dukani linauzwa la kwake! Ndipo akachukua tena mkanda, akaubandika juu ya nyeupe na nyeusi, na safari hii akapuliza rangi nyekundu ya baiskeli za Schwinn. Alipobandua, tabaka zote tatu zikaonekana kwa pamoja: nyekundu juu, nyeupe na nyeusi zikichungulia chini yake. Alikwenda mbali zaidi akaweka pikapu ya pili karibu na shingo ambayo haikufanya kazi kabisa. Ilikuwa ya kuwapoteza waliokuwa wakichungulia ili waige.

Kwa sauti, rangi hiyo haikuwa na uzito. Gitaa lake lilikuwa la mbao nzima isiyo na uwazi ndani, na kinachosikika hapo kwa sehemu kubwa ni nyuzi na sumaku. John Lennon wa bendi ya Beatles ndiye aliyekuwa na shabaha ya sauti: mwaka 1968 gitaa lake aina ya Epiphone Casino, ambalo ndani ni tupu, liliondolewa rangi mpaka mbao ikabaki wazi, kwa imani kwamba mbao isiyobanwa na rangi nzito hutetema vizuri zaidi. Ndilo alilopiga kwenye onyesho la Beatles juu ya paa London tarehe 30 Januari 1969. Lennon alikuwa akilitafutia gitaa pumzi, Eddie akilitafutia sura ambayo wengine hawajaivaa.

Na hiyo sura nyekundu nayo ikaigwa, tena kuliko ile ya kwanza. Mwaka 2001 aliisajili kwa hakimiliki. Mwaka 2007 yeye na Fender wakatoa nakala 300, kila moja kwa dola 25,000. Mafundi waliiga kila mkwaruzo, kila alama ya sigara, kila mahali ambapo rangi ilikuwa imechubuka. Gitaa la asili lilikuwa na sarafu ya robo dola ya mwaka 1971, ambayo Eddie aliipachika chini ya daraja la nyuzi ili lisiyumbe. Zikatafutwa robo dola za mwaka huohuo, na kila nakala ikapachikwa ya kwake.