Je, Wajua? Jinsi Krenki ya Baiskeli Inavyohesabu Wati za Miguu Yako

Waliofuatilia Tour de France katika miaka ya ushindi wa Chris Froome wanakumbuka mkao wake mlimani: viwiko vimetanuka, kichwa kimeinama, macho yako kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa kimchezo na mwendesha baiskeli David Kinjah kule Kikuyu, na akaja kutwaa Tour mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Alichokuwa akikitazama ni wati, yaani kiasi cha nguvu kinachotoka miguuni mwake wakati huohuo. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, vifaa vya aina hiyo vilipita mbele ya maelfu ya watu waliojipanga kando ya vilima vya mji.

Sasa jiulize. Hakuna waya unaoingia kwenye mguu wa mpanda baiskeli. Krenki, ule mkono unaoshika pedali upande mmoja na ekseli ya katikati upande wa pili, ni kipande cha alumini au cha nyuzi za kaboni. Kinajuaje kwamba mguu huu umetoa wati 200 na ule 400?

Ukweli ni kwamba hakijui. Krenki haipimi wati hata moja. Inapima mambo mawili tu: imepinda kiasi gani, na inazunguka kwa kasi gani. Wati hupatikana baadaye, kwa kuzidisha. Mtu akilishika hilo, ataelewa ni lini aiamini namba iliyo mbele yake na ni lini aitilie shaka. Kifaa chenyewe ni ghali, kwa hiyo ni haki ya mnunuzi kujua kilichomo ndani.

Tuanze na hesabu. Chukua mtu anayetoa wati 200, mwendo mzuri wa mazoezi kwa mwendesha baiskeli wa kawaida aliyezoea. Anazungusha pedali mara 90 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja na nusu kila sekunde. Krenki yake ina urefu wa milimita 172.5, kwa hiyo pedali husafiri mita 1.08 kwa kila mzunguko, au mita 1.63 kwa sekunde. Gawanya 200 kwa 1.63 upate nyutoni 123, karibu sawa na uzito wa kilo 12 na nusu. Hiyo ndiyo kani ambayo miguu yake miwili, kwa wastani, inaisukumia pedali kuelekea upande zinakozunguka. Akipunguza mizunguko hadi 60 kwa dakika na bado atoe wati 200, itambidi asukume kwa nyutoni 185. Wati ni zilezile, mzigo wa magoti ni mwingine.

Kilo 12 na nusu kwenye kipande kinene cha alumini ni kitu gani? Kwa macho, si kitu. Lakini hakuna chuma kisichopinda kabisa. Kutegemea unene wa krenki, kani ya namna hiyo hurefusha uso wake kwa sehemu kama 100 hivi katika kila milioni. Kama krenki ingekuwa na urefu wa mita moja, huko kungekuwa kurefuka kwa sehemu ya kumi ya milimita. Ndicho kipimo chote tulicho nacho, na kila wati inayotokea kwenye usukani imetokana nacho.

Kinachokinasa kipimo hicho ni kihisi kiitwacho streini geji: uzi mwembamba sana wa metali uliochorwa kwa kwenda na kurudi juu ya kipande kidogo cha plastiki, kisha kikagandishwa kwenye krenki kwa gundi maalumu. Krenki ikivutika, uzi nao unavutika, unakuwa mrefu na mwembamba zaidi, na ukinzani wake kwa umeme unapanda. Ukibanwa, ukinzani unashuka. Tabia hii ya nyaya ilionyeshwa na Lord Kelvin mwaka 1856, lakini kihisi chenyewe kilisubiri hadi mwaka 1938, kilipobuniwa nchini Marekani na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake. Kukipandisha kwenye baiskeli ilikuwa kazi ya mhandisi wa Kijerumani, Ulrich Schoberer, aliyeanzisha kampuni ya SRM mwaka 1986.

Mabadiliko ya ukinzani nayo ni madogo mno. Geji ya omu 350 ikivutwa kwa sehemu 100 kwa milioni hubadilika kwa takriban sehemu saba za mia za omu. Hapo linaingia tatizo ambalo kwangu ndilo kiini cha ustadi wa kifaa hiki: joto. Alumini ikipata joto la nyuzi moja zaidi, hutanuka kwa sehemu 23 hivi kwa milioni. Toa baiskeli ndani ya nyumba, iache juani mpaka krenki iongeze nyuzi tano tu, na tayari chuma kimerefuka kwa sehemu 115 kwa milioni, zaidi ya kile kilichotokana na wati 200. Kama geji ingekuwa moja na ya kawaida, jua peke yake lingekuwa linakanyaga pedali.

Dawa yake ni kuweka geji pande mbili. Weka krenki mbele, imelala sambamba na ardhi, kisha kanyaga. Ukingo wa juu unavutika, ukingo wa chini unabanwa. Lakini joto hutanua kingo zote mbili kwa pamoja. Geji zikiunganishwa kwa mpangilio unaojulikana kama daraja la Wheatstone, saketi hutoa upande mmoja kwenye mwingine: kilicho sawa pande zote hufutika, kinachotofautiana hubaki. Sehemu kubwa ya athari ya joto inaondoka, mpindo unabaki.

Na kuna faida ya pili katika utoaji huohuo. Pedali ikifika chini kabisa, unaweza kusimama juu yake kwa uzito wako wote na baiskeli isipate chochote, kwa sababu unasukuma kuelekea ardhini wakati pedali inataka kwenda nyuma. Kani hiyo huvuta krenki kwa urefu wake, kingo zote mbili sawa, na daraja linaifuta vilevile. Kwa hiyo krenki haisomi jinsi unavyokanyaga kwa nguvu. Inasoma sehemu ile tu ya kukanyaga inayoisogeza baiskeli.

Upande wa pili wa kuzidisha ni kasi ya mzunguko. Mita za zamani, yaani vifaa hivi vya kupimia wati, zilitumia sumaku iliyobanwa kwenye fremu: kila krenki ilipopita, mzunguko mmoja ulihesabiwa. Nyingi za siku hizi zina chipu ndogo inayohisi mvutano wa dunia. Krenki inapozunguka, upande wa "chini" hubadilika kwa chipu, na kifaa kikajua mzunguko umetimia. Matokeo hurushwa hewani kwenda kwenye usukani kwa Bluetooth au ANT+, na betri ndogo ya duara kama ya saa hutosha kwa muda mrefu.

Inaonekana rahisi, ila hapa ndipo tunarudi kwa Froome, maana kasi ya mzunguko ndiyo iliyokuja kuleta kizungumkuti mwaka 2015. Tarehe 14 Julai alishinda hatua iliyoishia La Pierre-Saint-Martin, kwenye milima ya Pyrenees, akawaacha wapinzani mbali. Shaka za matumizi ya dawa zikapanda. Kwenye televisheni ya Ufaransa likatajwa kadirio la wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili, kiwango ambacho wengi walikiona si cha binadamu wa kawaida. Siku chache baadaye mkuu wa utendaji wa wanamichezo wa timu yake, Tim Kerrison, aliweka hadharani takwimu za krenki: wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na nusu hivi, na uzito wa kilo 67.5. Kisha akasema jambo lililowashangaza baadhi ya watu: mita ile ilikuwa inazidisha kwa asilimia 6 hivi, hivyo wati za kweli kwa kilo zilikuwa 5.78.

Izidishe kwa nini? Kwa sababu Froome alitumia gia za mbele zisizo za duara kamili. Gia za namna hiyo hufanya mguu uende polepole pale unaposukuma kwa nguvu, na haraka pale usipo na nguvu, juu kabisa na chini kabisa. Mita inayohesabu mzunguko mmoja mmoja huchukulia kwamba krenki ilikwenda kwa kasi ileile mzunguko mzima. Inachukua kani ya wastani na kuizidishia kasi ya wastani. Lakini kani kubwa ilitokea kasi ikiwa ndogo. Wastani mara wastani unakuwa mkubwa kuliko ukweli, na hakuna geji iliyoharibika wala mtu aliyedanganya. Mita mpya zaidi zenye vihisi vinavyofuata kasi ndani ya mzunguko zimepunguza sana kosa hili.

Hesabu ya mlima inasaidia kupima madai kama hayo. Mlima ule una kilomita 15.3 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 7.4, yaani takriban mita 1,130 kwenda juu. Mtu wa kilo 67.5 na baiskeli na mavazi ya kilo 8 hivi, akizipanda kwa dakika 41 na nusu, anahitaji wati 336 za kuinua uzito tu. Ukichukua 414 ukaondoa asilimia 6, unabaki na 389. Zile 53 zilizozidi ziliishia kwenye upepo, matairi na cheni. Kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, tena sehemu kubwa nyuma ya wenzake, hilo linaingia akilini. Wati 7.04 kwa kilo zingemaanisha 475, na sioni hizo 139 za ziada zingekwenda wapi. Hesabu hii haisemi chochote kuhusu damu ya mtu yeyote. Inasema tu kwamba namba ya krenki na mlima wenyewe vinaafikiana.

Kuna suala jingine ambalo wanunuzi hulikuta dukani. Mita za bei nafuu huwa kwenye krenki ya kushoto peke yake. Kampuni ya Stages ndiyo iliyoieneza aina hii kuanzia mwaka 2012: kifaa husoma mguu wa kushoto kisha huzizidisha wati zake mara mbili. Miguu ya watu wengi hailingani. Mguu wa kushoto ukitoa asilimia 48 ya kazi, mtu wa wati 200 atasoma 192. Kama tofauti hiyo ingedumu, isingekuwa na shida, maana ungejilinganisha na wewe mwenyewe. Ila uwiano huweza kubadilika ukichoka au ukibadili mwendo. Mita inayokaa pale krenki ya kulia inaposhikana na gia, kama ile ya Schoberer, hupokea miguu yote miwili. Na ukiwa na rafiki anayepimia kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, msigombane: yeye anapima baada ya cheni kula asilimia chache.

Kwenye matumizi ya kila siku, jambo la kwanza ni kuianzisha mita kutoka sifuri. Mizani ya bucha isipokuwa kwenye sifuri kabla ya nyama, kilo zote zitakazofuata zina kasoro; krenki ni hivyohivyo. Toa baiskeli nje robo saa kabla, izoee hewa ya nje, teremka, simamisha krenki jinsi maelekezo yanavyosema, usiguse pedali, kisha bonyeza. Ukipanda kutoka bondeni kwenye joto hadi juu kwenye baridi, rudia. Angalia na kifuniko cha betri: kikilegea au unyevu ukiingia, namba zinaanza kuruka.

Ukitaka uhakika zaidi, na programu yako inaonyesha nguvu ya kuzungusha, ning'iniza uzito unaoujua kwenye pedali, krenki ikiwa sambamba na ardhi na gurudumu la nyuma limezuiwa. Kilo 10 kwenye krenki ya milimita 172.5 lazima isome nyutoni-mita 16.9. Ikisoma 18, umejua.

Baada ya hapo ndipo namba inapokuwa na kazi. Mapigo ya moyo huchelewa. Unaanza kupanda na moyo unafuata baadaye, mara nyingi ukiwa umeshajichosha. Kasi nayo hudanganywa na upepo. Wati hubadilika papo hapo, ndiyo maana mtu akianza mlima mrefu huweza kujizuia mapema badala ya kulipia makosa kilomita mbili mbele. Hata chakula unaweza kukipanga. Mwili hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya pedali, na kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.2, kwa hiyo kila kilojuli kwenye mita ni takriban kilokalori moja iliyochomwa. Saa tatu kwa wati 200 ni kilojuli 2,160. Zisome unapofika nyumbani, kisha keti ule kilokalori kama 2,000 bila wasiwasi.