Kisoma skrini ni nini, na ni cha nani

Programu mpya ya simu inapozinduliwa, iwe ya benki, ya shule au ya huduma za serikali, mara nyingi hutokea msemaji akatangaza kwa fahari kwamba "ina kisoma skrini kwa ajili ya wasioona". Ukiifungua, unachokikuta ni kitufe chenye alama ya spika ambacho, kikibonyezwa, hutamka aya moja au mbili kwa sauti nyororo. Mimi ni mtu asiyeona na karibu shughuli zangu zote nazifanya kwa simu, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuona kwamba haifai kuachwa hivi hivi.

Kisoma skrini ni programu inayofanya kazi ndani ya mfumo mzima wa simu au kompyuta na kumwezesha asiyeona kuutumia mfumo huo kwa kusikia, au kwa kupapasa nukta nundu (maandishi ya Braille) iwapo ameunganisha kifaa cha kuzionyesha. Kwenye iPhone huitwa VoiceOver, kwenye simu nyingi za Android huitwa TalkBack, na kwenye kompyuta za Windows wengi hutumia NVDA, ambayo ni ya bure, au JAWS, ambayo hununuliwa.

Kinachosahaulika katika maelezo hayo ni neno "kuutumia". Kusomewa maandishi ni sehemu ndogo tu ya kazi hii. Kisoma skrini kikiwa kimewashwa, miguso yote ya simu hubadilika: kidole kikigusa mahali, simu hutaja kilichopo hapo bila kukifungua, kidole kikitelezeshwa kulia, unahamia kwenye kitu kinachofuata, na kikitelezeshwa kushoto unarudi nyuma, ukigonga mara mbili popote kwenye kioo, kile kilichotajwa mwisho ndicho kinachofunguka. Kwa njia hiyo ninaandika ujumbe, ninaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, ninasahihisha herufi moja iliyokosewa katikati ya neno, na ninajua kama kisanduku kimewekwa alama au la. Ni mimi ninayeamua nisikie nini, lini, na kwa kasi gani. Kitufe cha spika hakinipi hata moja kati ya hayo, na zaidi ya hapo, ili nikipate kitufe chenyewe kwenye kioo kisicho na alama ya kupapasa, nalazimika kuwa na kisoma skrini tayari. Kitufe hicho kinawafaa watu wengine, kwa mfano asiyejua kusoma vizuri au mwenye macho yaliyochoka, na kwa ajili yao ni jambo jema.

Kosa la pili limejificha ndani ya jina, kwa kuwa watu hudhani kifaa hiki kinaitazama skrini kama jicho linavyoitazama. Zamani jina hilo lilikuwa karibu na ukweli. Katika miaka ya 1980, Jim Thatcher, mtafiti wa IBM, alipotengeneza IBM Screen Reader kwa kompyuta za DOS, mfumo wa zamani wa maandishi matupu, skrini ilikuwa safu za herufi tupu, na programu iliweza kuzichukua herufi hizo kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuzipeleka kwenye mashine ya kutamka. JAWS ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari, nayo ilikuwa ya DOS. Mambo yaliharibika zilipokuja kompyuta za madirisha na picha, kwa sababu herufi ziligeuka kuwa vidoa vya rangi tu na maandishi ya kuchukua yakatoweka. Kwa miaka kadhaa watengenezaji walilazimika kubahatisha, hadi mifumo ilipoanza kuzitaka programu zijieleze zenyewe. Kwa Windows, utaratibu wa kwanza wa namna hiyo ulitolewa na Microsoft mwaka 1997.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kisoma skrini hubisha hodi kwenye kila programu na kuuliza: hapa kuna nini, kinaitwaje, kinafanya nini, kiko katika hali gani? Programu iliyoandikwa vizuri hujibu kwamba hiki ni kitufe, kinaitwa "Tuma", na kwa sasa hakifanyi kazi kwa sababu hujajaza kiasi. Programu iliyoandikwa ovyo, ambayo mtengenezaji wake amechora alama ya bahasha bila kuipa jina la maandishi, hujibu "kitufe" na kunyamaza, na kitufe cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Anayetaka ushahidi kwamba skrini yenyewe haitazamwi ajaribu pazia la VoiceOver: vidole vitatu vikigonga mara tatu, kwenye mpangilio wa kawaida, kioo kinakuwa cheusi kabisa na kazi zote zinaendelea kama kawaida. Wengi wetu hulitumia ndani ya daladala, pamoja na kipokea sauti kwenye sikio moja, ili salio letu lisijulikane na abiria wa pembeni.

Ndiyo maana tangazo la msiba au la kikao cha wazazi likitumwa WhatsApp kama picha, ninachosikia ni kwamba kuna picha, nani kaituma, na saa ngapi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 VoiceOver inaweza kukisia yaliyomo kwenye picha na hata kwenye programu zisizojieleza, na TalkBack nayo imefuata njia hiyo, lakini kukisia ni kukisia, na tarehe ya maziko si jambo la kukisiwa.

Msaidizi wa sauti, yule unayemwambia ampigie mama simu, ni kitu kingine kabisa na sitakaa hapo: huyo hupokea amri na kuzitekeleza, wala hakupi njia ya kuzunguka ndani ya programu. Hata sauti yenyewe si kisoma skrini. Sauti hutoka kwenye programu ya kutamka iliyo kando, ambayo mtu huichagua na kuibadilisha apendavyo. Ipo eSpeak NG, kwa mfano, inayotamka Kiswahili kwa sauti kavu ya mashine ambayo wageni huicheka na wazoefu huipenda, kwa kuwa hubaki inasikika vizuri hata ikiharakishwa sana. Sauti ya Kiingereza ikiachiwa maandishi ya Kiswahili, hayo ni mateso ya aina yake.

Kuna sababu ya kihistoria inayonifanya nilishikilie suala la kumiliki, yaani kwamba kisoma skrini ni cha mtumiaji, si cha programu moja. Kompyuta za mfukoni za wasioona zilikuwa vifaa vya pekee, kama Braille 'n Speak ya Deane Blazie ya mwaka 1987, yenye vibonyezo vya nukta nundu na sauti lakini bila skrini. Baadaye simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian ziliweza kuwekewa programu za kusoma, Talks au Mobile Speak, zilizonunuliwa kando. Simu za kioo kitupu zilipotokea, wengi waliona mlango umefungwa. Kisha mwaka 2009 iPhone 3GS ikatoka na VoiceOver ndani yake bila malipo ya ziada, na mwaka huo huo TalkBack ikaingia kwenye Android, ingawa kupapasa kioo chenyewe kulingoja Android 4.0 ya mwaka 2011. Tangu hapo asiyeona hununua simu ile ile dukani, na kisoma skrini anakikuta humo, kwa ajili ya programu zote. Programu inayojiletea sauti yake huishia kuzungumza juu ya sauti yangu, zote mbili kwa pamoja, na sielewi hata moja.

Kwa hiyo programu ya benki haiwezi "kuwa na" kisoma skrini. Inaweza kukijibu au kutokijibu, na kauli sahihi ni kwamba programu yetu inafanya kazi na visoma skrini. Kabla ya kuitoa kauli hiyo, msemaji amwombe fundi wake aingie kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), awashe TalkBack, ageuze uso pembeni, na ajaribu kutuma shilingi elfu moja hadi risiti ifike. Akishindwa, bado anaweza kusema kwamba wameweka kitufe cha kusoma kwa sauti, jambo ambalo ni kweli na halimuudhi mtu.