Je, wajua kwa nini rangi ya chakula haikubali kwenye chambo cha plastiki laini?

Anayetaka kujitengenezea vyambo vya plastiki laini, vile vinavyocheza majini kama mnyoo au samaki mdogo, mara nyingi hudhani kazi ngumu ni kupata umbo. Umbo linatoka kwenye kalibu tu. Kinachowasumbua wengi ni rangi, na kosa la kwanza karibu kila mara ni lile lile: kuchukua kichupa cha rangi ya chakula na kuidondoshea ndani.

Kwa nini haikubali? Tazama plastiki yenyewe. Kimiminika kinachotumika huitwa plastisoli. Ni unga laini sana wa PVC, aina ya plastiki, uliochanganywa na kilainishi, yaani aina ya mafuta mazito. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa. Ukiipasha moto inashikamana kama uji uliozidi unga, kisha ikikaribia nyuzi 175 za Selsiasi inalegea tena na kuwa angavu, maana unga umekwisha kunywa mafuta yote. Ikipoa inabaki laini kwa sababu mafuta hayo yamebaki humo humo ndani ya plastiki, ingawa yanaweza kuhama polepole. Kwa hiyo rangi yoyote unayoitia inaingia katika mafuta, tena mafuta ya moto sana.

Rangi ya chakula ya majimaji, kwa kawaida, imeyeyushwa kwenye maji. Tone lake likigusa plastisoli iliyoiva halichanganyiki, linajikunja kuwa kijitufe. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kile kijitufe kinapasuka na kurusha plastiki ya moto inayonata kwenye ngozi na isiyopanguswa kirahisi. Ndiyo maana hata kijiko cha kukorogea lazima kiwe kikavu kabisa, na miwani ya kinga na glavu nene si mapambo.

Basi tutumie rangi inayoyeyuka kwenye mafuta? Hapo ndipo penye mtego, na mimi mwenyewe uliwahi kuninasa. Rangi ya namna hiyo inakolea vizuri siku ya kwanza, lakini kwa kuwa inayeyuka kwenye kilainishi, inasafiri nacho. Niliwahi kuweka vyambo vyekundu na vyeupe kwenye mfuko mmoja. Baada ya wiki chache vile vyeupe vilikuwa vya waridi, tena si kwa juu tu. Nilipokata kimoja, uwaridi ulikuwa umezama ndani.

Kinachofaa ni pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, ambazo zimesagwa na kutawanywa ndani ya kilainishi kile kile. Chembe hazisafiri kirahisi, zinakaa pale plastiki ilipogandia. Nyeupe hutokana na dioksidi ya titani, nyeusi hutokana na kaboni iliyo kama masizi, na kahawia na wekundu wa udongo hutokana na oksidi za chuma, ndugu wa kutu. Zote hizi zinavumilia joto. Ila chembe huzama chini ya chupa, kwa hiyo itikise kwelikweli kabla ya kutumia. Ukiacha, chambo cha kwanza kitakuwa hafifu na cha mwisho kitakolea kupita kiasi.

Rangi kali zinazowaka kama vizibao vya wajenzi hutaka uangalizi zaidi. Zinapokea mwanga wa bluu na miali ya urujuanimno, kisha zinautoa kama kijani, njano au chungwa, ndiyo maana huonekana kama zina taa ndani. Joto likizidi zinachujuka, na jua nalo huzifubaza mapema. Zitie mwishoni, plastiki ikishaiva. Glita nayo iwe ya kustahimili joto, la sivyo itajikunja na kupoteza mng'ao. Unga wa ulanga (madini ya mika), unaoleta mng'ao wa lulu, hauna taabu hiyo.

Usihukumu rangi plastisoli ikiwa bado mbichi. Ule weupe wa maziwa hufanya kila kitu kionekane kimepauka, na mwenye haraka huongeza matone. Ikiiva, weupe unatoweka na rangi inakuwa nzito mno. Mimi huchovya kijiti, naachia uzi wa plastiki udondoke kwenye kioo, nasubiri upoe, kisha nauinua mbele ya mwanga. Kikombe kilichojaa hudanganya, kwa sababu chambo ni chembamba na mwanga hupenya.

Na macho ya samaki je? Maji hula rangi nyekundu kwanza. Katika maji maangavu, chambo chekundu kikishuka mita kadhaa huanza kuonekana cheusi-cheusi, wakati bluu na kijani bado zinaonekana. Kwenye maji ya matope mwanga wenyewe ni haba, hivyo nyeusi inayochora kivuli kizito, au njano-kijani inayowaka, hushinda rangi zilizochanganywa kwa ufundi mwingi. Kwa anayeanza, ningemshauri anunue nyeusi, nyeupe, kahawia na moja ya zile zinazowaka, basi.

Jambo moja linaharibu hata pigmenti bora: kuunguza. Ikipanda sana kupita nyuzi 200, PVC huanza kuvunjika, inatoa gesi kali ya kloridi ya hidrojeni, na plastiki inageuka njano. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha. Nyeupe iliyoungua hugeuka rangi ya meno yasiyopigwa mswaki, na bluu huelekea kijani, kwa kuwa njano imejichanganya nayo. Mabaki ya namna hiyo, na vyambo vya zamani unavyoyeyusha upya, yatie kahawia au nyeusi. Bluu safi haitarudi tena humo.