Kipindi Umekirekodi, Mbona Hakifunguki?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Umoja, Nairobi, alituletea flashi. Alikuwa amerekodi kwaya ya mjukuu wake ilipoimba kwenye chaneli ya bure, kwa kubonyeza tu kitufe chekundu cha rimoti. Baadaye stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, king'amuzi kikaungua. Akanunua kingine cha aina ile ile Luthuli Avenue, akachomeka flashi: jina la faili lipo, picha hakuna.

Flashi ilikuwa nzima. King'amuzi cha kwanza kilihifadhi rekodi kwa usimbaji fiche, yaani kiliifunga isomeke tu kwa ufunguo maalumu, na ufunguo huo ulikuwa ndani ya chipu iliyoungua. Ving'amuzi vya kampuni za kulipia hufanya hivyo mara nyingi, kwa sababu wenye filamu na mechi hawataki zinakiliwe. Kwaya ya bure ikatiwa kapu moja nazo.

Hewani, kwaya ile haikuwa na kufuli lolote. Chukua kompyuta kuukuu yenye Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), kipokezi cha USB cha DVB-T2, kiwango cha matangazo yetu ya dijitali ya antena (vile vya zamani vya DVB-T haviyapati), na programu huria ya kurekodi, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha, kama Tvheadend au MythTV. Itahifadhi matangazo ya chaneli za bure jinsi yalivyokuja, na faili itafunguka kwenye VLC, programu ya kuchezea video, popote pale. Chaneli za kulipia ni habari nyingine: hizo hufungwa tangu zinaporushwa.

Je, sheria inaweza kuizuia kompyuta hiyo? Marekani ilijaribu. Novemba 2003 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2005 vipokezi vya televisheni ya dijitali vitii alama ndogo ndani ya matangazo, iliyoitwa bendera, ya kuzuia kipindi kisisambazwe ovyo. Alama hiyo haikuficha chochote; picha ilisafiri wazi. Kwa hiyo kanuni ikalazimika kubana kifaa chenyewe: kitengenezwe hivi kwamba mwenye nacho asiweze kukichokonoa.

Hapo ndipo programu huria ilipokwama. Msimbo wake uko wazi, na ule mstari unaosema "tii bendera" hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeufuta kabla ya chai ya saa nne. Mtu anayerekodi taarifa ya habari aitazame usiku angejikuta hana kifaa halali cha kujiundia, ingawa hajamwibia mtu.

Waliokwenda mahakamani walikuwa wakutubi, wakiongozwa na American Library Association. Tarehe 6 Mei 2005 mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua kwamba FCC haina mamlaka juu ya kinachofanywa na kifaa baada ya matangazo kupokelewa. Mwaka 2011 kanuni ikaondolewa rasmi. Uingereza nayo, mwaka 2010, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, Ofcom, aliiruhusu BBC kufinya taarifa za ratiba ya chaneli zake za HD kwa majedwali ya siri, ili kifaa kisicho na majedwali hayo kisiweze kuzisoma. Siri gani, wakati waandishi wa programu huria walikuwa wameshayafumbua!

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa shughuli za binafsi, utafiti, uhakiki na kuripoti matukio. Sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia zinazolinda kazi za watu. Kwa maoni yangu vifungu hivi viwili vinakaa nyumba moja bila kusalimiana: kufuli halina macho ya kutofautisha nyanya wa mwanakwaya na mwuza filamu za magendo. Ndiyo maana hatukujaribu kuivunja ile flashi. Tulimshauri mama aende kwenye kituo kilichorusha kipindi, aombe nakala.

Wewe unayekwenda kununua king'amuzi, beba flashi yako. Mwombe muuzaji akiunganishe na antena, rekodi chaneli ya bure dakika mbili, kisha ichomeke flashi kwenye laptopu. Akikunja uso, vuka barabara. Luthuli haina uhaba wa maduka.