Kilomita laki mbili haimaanishi injini imeisha

Hapa Nakuru ukisema unaangalia Subaru WRX ya kilomita laki mbili utaambiwa achana nayo, tafuta ya elfu themanini. Lakini odometa, ile mita ya kilomita, haisemi gari ilitunzwa aje, na kuna wenye huirudisha nyuma. Uliza belti ya taiming, ile inayofanya valvu na pistoni ziende pamoja, ilibadilishwa lini, juu kwa injini ya EJ20, iliyo kwa WRX nyingi za zamani, ikikatika valvu zinagonga pistoni na hapo umekwisha, na belti hiyo ni raba, inazeeka hata gari ikiwa imepaki tu, kwa hivyo yenye kilomita kidogo inaweza kuwa na belti mbovu zaidi. Uliza oili pia ilibadilishwa lini, turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwa injini, inaitegemea. Makanika apime kompresheni, yaani presha ndani ya silinda zote nne, zikiwa juu na zimekaribiana, ongea bei.